Tabaga ya Medina

Watu hupenda kusema simu imeifanya dunia iwe ndogo. Hao hawajawahi kumfundisha mtoto kushona kwa simu. Wangejaribu, wangenyamaza.

Mimi ni Jalia wa Koboko, Uganda, na subira sina, mtaa mzima unalijua hilo. Kiswahili changu nilikipata kambini kwa sababu baba yangu alikuwa askari, kwa hiyo nikimwambia mgeni karibu chai, mgeni anasimama wima. Siyo hasira, ni sauti tu. Ingawa siku nyingine ni hasira kweli.

Mwanangu Lukumani anaishi Canada, mji wa Calgary, anaendesha basi kwenye theluji. Mke wake alimzaa Medina hukohuko. Huyo mjukuu nilimshika mikononi mara moja tu, walipokuja akiwa anatambaa, akanivuta hereni mpaka chozi likanitoka. Walipoondoka nilibaki na sikio linaniuma, na nilifurahi kuwa linaniuma. Baada ya hapo nikawa bibi wa kwenye simu.

Na ubibi wa kwenye simu ulikuwa hivi. Jumamosi jioni, kwao ikiwa asubuhi, Lukumani anapiga, ananisalimia, kisha anamsukuma mtoto mbele ya kioo.

"Habuba, hujambo?" Habuba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi.

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Basi, maneno yameisha. Tunabaki kutazamana, yeye anamtafuta baba yake kwa macho, mimi natafuta swali jingine na silipati. Simu ikikatika roho inaniuma. Nilikuwa na mjukuu ambaye sura yake naijua mpaka jino lililovunjika, lakini sikujua kitu gani kinamchekesha.

Simu yenyewe nayo ina vituko vyake. Sisi tuko mpakani. Nikiwa kitandani kwangu ujumbe unaingia kunikaribisha Congo, nikihamia jikoni nakaribishwa Sudan Kusini. Kwa hiyo nilikuwa naenda kuongelea kibandani kwa jirani yangu Stella Kiden, anayewachajia watu simu na kuuza vitenge. Pale netiweki inatulia. Stella ndiye aliyenifundisha mambo yote ya simu, na ndiye aliyeniambia neno moja lililokuja kuniponza. Siku hiyo nilijiona kwenye kioo na maandishi ya kanga yangu yamegeuka yote, ya mbele yako nyuma. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama Lukumani, simu iko namna hiyo," akasema. "Inageuza mutu. Mukono ya kulia inapeleka kushoto. Wewe wacha tu."

Nikaacha.

Sasa hapo kibandani Stella alikuwa ametundika ukutani tabaga niliyompa zawadi. Jumamosi moja, tumeshamaliza habari za chakula na tumebaki kutazamana, Medina akasogeza uso karibu na kioo. "Habuba, hiyo ya rangi nyuma yako ni nini?"

Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza kwa hiari yake. Nilitamani kulia, nikakohoa badala yake.

Tabaga ni sinia na ni kawa. Ukiiweka chali unapangia chakula, ukiifudikiza unafunikia. Unashona ukindu uliotiwa rangi juu ya nyasi, ukizungusha kutoka kitovuni hadi ukingoni. Nyumba yetu ina nakshi yake: miale myekundu, ya manjano na ya kijani, inatoka kitovuni na kupinda kulia. Na kipimo chake si cha rula. Kila mwanamke hupima kwa mkono wake mwenyewe, kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, na huo ndio upana wa tabaga yake.

Katika ukoo wetu binti akiolewa, wanawake wa nyumba hupeleka chakula kwa bwana harusi kwa mstari, kila mmoja na tabaga yake kichwani, aliyoishona yeye. Mkubwa wa jiko husimama mlangoni akiita: ya fulani, ya fulani. Siku jina lako linapoitwa mara ya kwanza, umeingia katika hesabu ya wanawake wa nyumba. Usipoitwa, wewe ni mtu aliyekuja kula. Mkubwa wetu wa jiko anaitwa Afisa, jina si cheo, dada wa marehemu mume wangu, anakaa mjini Arua, mtaa wa Oli. Huyo anaona mshono uliolegea kutoka ng'ambo ya barabara, na akiuona hanyamazi.

Basi nikamwambia Medina yote hayo, Lukumani akimtafsiria pale nilipoenda mbio. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi pia nataka kuitwa."

Wakati huo Angelo, mtu wa hapa jirani Lobule anayefanya kazi na Lukumani, alikuwa amekuja kuwaona wazazi wake. Alipokuwa anarudi Canada nikampa fungu la ukindu, nyasi zake na sindano nene. Alilalamika begi limejaa. Nikamwangalia, begi likapata nafasi.

Tukaanza. Simu naiegemeza kwenye kopo la sukari, mimi huku na ukindu wangu, yeye kule na wake, uso kwa uso. Naye nikamwambia jambo moja tu: tazama mikono yangu, fanya kama unavyoona. Nilikuwa nashona yangu mpya sambamba na yake, rangi kwa rangi, mzunguko kwa mzunguko, ili asipotee.

Siku za mwanzo nilimkaripia sana. Kaza. Umelegeza. Fumua. Neno fumua alilichukia kuliko yote, akawa akilisikia anaweka sindano chini na kunitazama bila kupepesa. Siku moja akanijibu, "Habuba, polepole. Mimi najifunza." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia mimi polepole akabaki salama. Stella akainama chini ya meza akijifanya anatafuta waya. Lakini nilimpenda mtoto siku ile kuliko siku zote, maana ile sauti niliitambua. Ilikuwa yangu.

Na kumbe mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Akishona alikuwa ananieleza mambo yake bila kuulizwa: anaogopa mbwa wa jirani, hapendi hesabu, ana rafiki anaitwa Patience ambaye siku hizi wamenuniana. Mimi nikamweleza maisha ya kambini, na jinsi babu yake alivyoniposa kwa kunitumia redio mbovu. Alicheka mpaka sindano ikamtoboa. Nikajua kinachomchekesha.

Jambo moja lilinisumbua kidogo. Kwenye kioo nilikuwa naona mkono wake wa sindano uko upande usio wake, na mzunguko unaenda kinyume. Mwanzo nilitaka kusema. Kisha nikakumbuka maneno ya Stella kwamba simu inageuza mtu, nikasema ah, ni simu hiyo. Nikaendelea.

Baadaye Afisa akapiga kuniambia binti yake wa mwisho anaolewa, baada ya mavuno. Nikampongeza, na kwa kuwa mdomo wangu hauna mlango, nikamwambia mjukuu wangu wa Canada ataleta tabaga.

"Mtoto wa simu?" Afisa akasema. "Kidole chake kinajua kubofya, kushona kimejua lini?"

"Mimi ndiye ninayemfundisha. Wewe jiandae kuita jina lake."

"Nitaita nikiona imekaa sawa. Tena sikiliza, Jalia. Tabaga hubebwa na mwenyewe, au na kichwa kingine cha nyumba hii kisicho na mzigo. Yeye hayupo, na wewe utakuwa na yako. Utabeba ngapi?"

"Hayo niachie mimi," nikasema, nikakata simu kabla hajauliza tena.

Medina nilimwambia habari ya harusi tu, ya kichwa sikumwambia. Alishona kwa bidii mpaka mama yake akalalamika kwamba anashona mezani wenzake wakila. Kila Jumamosi swali lake lilikuwa hilohilo: "Habuba, wataita kweli?" Nami najibu kweli. Ningesema nini kingine. Mtoto alikuwa ameanza kunizoea mimi na kuuzoea ukoo wake, na nilijua asipoitwa atarudi kuwa yule wa "nimekula chakula."

Angelo akarudi siku chache kabla ya harusi, akaniletea kifurushi kibandani. Nikakifungua mbele ya Stella. Rangi zilikuwa safi, mshono umekazwa hasa, hata Afisa asingepitisha ukucha. Nikaigeuza chali. Miale yote ilikuwa imepinda kushoto.

"Iko muzuri," Stella akasema.

"Iko kinyume," nikamwambia. "Yote. Toka kitovuni."

Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Mimi nilifundishwa tabaga nikiwa mdogo, nimekaa katikati ya magoti ya bibi yangu, mgongo wangu kifuani pake, mikono yake juu ya yangu. Ndivyo kila mwanamke wetu alivyofundishwa. Bibi anatazama mbele, mtoto anatazama mbele, kulia kwake ndiko kulia kwako. Hakuna aliyewahi kufundishwa kwa kukaa mkabala. Mimi nilimkalisha mtoto mbele yangu kwa mwaka mzima, nikamwambia afanye kama anavyoona. Akafanya. Mkono wangu wa kulia alikuwa anauona upande wa kushoto kwake, akashona kwa kushoto. Na mimi nikaona, nikasingizia simu.

"Basi mimi ndiyo nilikudanganya," Stella akasema kwa unyonge.

"Hukunidanganya. Ulisema inanigeuza mimi nikijitazama. Mimi ndiye niliyeongeza yangu."

Kitu kingine nikakiona. Ukingo wake ulikuwa mpana kuliko wa tabaga yangu. Nikadhani hata kupima alikosea, nikalaza mkono wangu juu yake, kiwiko ukingoni. Kidole changu hakikufika ng'ambo. Nikarudia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakukosea. Mkono wake umenizidi. Kwenye kioo alikuwa uso tu na mabega, mwaka hadi mwaka, na mimi kichwani nilikuwa bado na yule anayetambaa. Kumbe amekuwa msichana mrefu. Niliacha mkono umelala pale, Stella akihudumia wateja.

Jioni Medina akapiga. "Habuba, imefika? Iko sawa?"

"Imefika," nikasema. "Mshono wako umekaza vizuri sana."

"Wataita?"

"Lala mapema Ijumaa, Jumamosi baba yako akuamshe alfajiri." Halafu nikamwambia bando inaisha, na haikuwa inaisha. Nilikuwa na hofu, na hofu mimi sijaizoea.

Siku ya harusi tulifika Arua asubuhi, mimi na Stella, nguo zetu zimepigwa pasi, tabaga mbili ndani ya shuka. Nyumba ya Afisa ilikuwa imejaa wanawake na moshi. Nilifanya kazi yangu, nikamimina kisra zangu, ile mikate yetu ya maji, moja moja juu ya bamba la moto, nyembamba kama inavyotakiwa, nikazikunja na kuzipanga kwenye tabaga yangu ile mpya, niliyoshona sambamba na Medina. Ile yake niliiacha ndani ya shuka. Niliogopa kuitoa.

Alasiri Afisa akapita akikagua, fimbo mkononi, miwani kwenye ncha ya pua. Akafika kwangu. "Iko wapi ya huyo mtoto wako wa simu?"

Nikaitoa. Akaishika, akavuta mshono kwa ukucha, haukuvutika. Akakunja midomo kukubali. Kisha akaigeuza chali, akafuata miale kwa kidole, na wanawake wa karibu wakasogea kutazama.

"Hii imeshonwa kinyume," akasema.

"Naona."

"Siyo ya nyumba yetu. Sisi tunapinda kulia." Hakusema kwa ubaya, hilo nitasema kweli. "Mtoto amejitahidi. Itafaa kufunikia unga. Mwambie mwakani ashone nyingine."

Stella alikuwa ameshika simu, na simu ilikuwa tayari imeita Calgary. Kwenye kioo Medina amekaa kitandani, kitambaa kichwani, amevaa gauni la sikukuu alfajiri ile, yuko tayari kuitwa. Sijui alisikia kiasi gani. Niliona tu amekoma kutabasamu.

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Alifanya alichoonyeshwa," nikamwambia Afisa. "Kosa ni la mwalimu, na mwalimu ni mimi. Kama haifai kubeba chakula cha nyumba hii, itafunika changu mimi, na mtu asiniulize." Nikaichukua mkononi mwake, jambo ambalo hakuna anayemfanyia Afisa, nikaifudikiza juu ya kisra zangu kwa nguvu.

Ikakaa. Ukingo wake mpana uliupita wangu kidogo tu, ukashuka kote sawasawa, usitikisike. Nikainama kuona kama imebonyea, nikaona kitu kingine. Mwale mwekundu wa chini umepanda mpaka ukingoni, na mwekundu wa juu umeshuka palepale kuupokea. Manjano kwa manjano. Kijani kwa kijani. Nikazungusha nikitafuta mahali zilipokosana, sikupapata. Tabaga mbili za kulia ukizifunika hazikutani hivyo, kila mwale unaupita mwenzake na kwenda zake. Hizi zilikutana kama viganja viwili, cha kulia na cha kushoto.

Afisa akavuta miwani juu. Akainama upande wangu, akazunguka akainama upande wa pili. Alitafuta kosa kwa dhati, namjua. Akanyoosha mgongo.

"Mama yangu alishona miaka yote," akasema taratibu, "na kawa yake haikuwahi kukutana na sinia." Akaipapasa mahali rangi zilipoungana. "Huyu mtoto ana mkono mrefu."

"Umenizidi," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya kambini.

"Na mzigo umekuwa mmoja." Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo kichwa kimoja kinatosha. Ulikuwa umepanga hivyo, Jalia?"

"Nilikuwa nimepanga," nikamwambia. Uongo mtupu, na alijua, akacheka kwa pua.

Wanawake wakajipanga. Nikainua mzigo, nikauweka sawa kichwani. Stella akaja kusimama mbele yangu akinielekezea simu, arudi kinyumenyume njia nzima ili mimi na Medina tutazamane. Nikamwambia hapana.

"Lete hapa. Tumeshatazamana vya kutosha."

Nikachukua simu, nikaiweka kifuani, kioo kikitazama nje, mgongo wake kwangu. Stella akaifunga kwa kanga, mkunjo huku na mkunjo huku, akaacha uso wa mtoto wazi. Sasa mimi sikuweza kumwona. Lakini alichokiona yeye ndicho nilichokiona mimi: mlango wa Afisa, migongo ya shangazi zake, barabara ya Oli na watu waliosimama pembeni.

"Habuba?" sauti yake ikatokea chini ya kidevu changu. "Uko wapi?"

"Niko nyuma yako. Tazama mbele."

Afisa alisimama mlangoni na fimbo yake, akiita mmoja mmoja. Ya fulani, wanapita. Ya fulani, wanapita. Tukafika. Akaangalia kichwani kwangu, akaangalia kifuani kwangu, akavuta pumzi.

"Ya Jalia," akaita. "Na ya Medina."

Nilimsikia mtoto akivuta hewa, nikaisikia mbavuni. Kulia kwake sasa kulikuwa kulia kwangu. Tukatoka.